Muulize Mjomba: Ulilala Dakika ya Ngapi?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na mbili tatu zimekuja zimefura. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi projekta mstaafu, si mhakiki wa kusomea. Kazi yangu yote nilizitazama filamu kupitia kidirisha cha chumba cha projekta, na pale unaona vitu viwili kwa pamoja: skrini, na visogo vya watu. Visogo havijui kudanganya. Mtu akichoka, shingo inaanza kutafuta pa kuegemea. Akinogewa, hata kikohozi anakimeza. Ndiyo maana sharti langu halibadiliki. Usiniandikie kwamba filamu ni "kali" au ni "takataka" halafu ukaweka nukta. Niambie uliona nini.

Wanaochelea kuharibiwa uhondo: barua ya kwanza inachokonoa Oppenheimer, na ya tatu inafika mpaka hukumu ya Anatomy of a Fall. Rukeni mkipenda.

Mjomba, shikamoo. Nina aibu kidogo. Kazini kwetu kila mtu anaisifu Oppenheimer. Mimi nimeitazama mara mbili na zote mbili usingizi umenibeba. Nikisema ukweli naonekana mshamba, kwa hiyo natingisha kichwa tu. Tatizo ni mimi? — Msinziaji

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nijibu wewe: ulilala dakika ya ngapi?

Siulizi kwa kejeli. Filamu ile, ya mwanafizikia aliyeongoza kutengenezwa kwa bomu la kwanza la atomiki, ni ya saa tatu kamili, na mahali ulipolalia panaeleza mengi. Kama ulianguka mapema, pengine ulikuwa umechoka na siku yako. Lakini nadhani ulilala baada ya jaribio la bomu. Nimepata barua nyingi za namna hiyo. Bomu limelipuka, moyo umetulia, mtu anatazamia watu waanze kuaga, kumbe imebaki karibu saa nzima ya wanaume waliovaa suti wakihojiana. Hapo ndipo vichwa huanguka.

Shida ni kwamba mwongozaji, Christopher Nolan, amechanganya vikao viwili bila kumshika mtu mkono. Kimoja ni cha mwaka 1954: chumba kidogo, mlango umefungwa, Oppenheimer anahojiwa kama bado anastahili kuaminiwa na siri za serikali. Cha pili ni cha mwaka 1959: Lewis Strauss, kigogo wa mambo ya atomiki aliyekuwa hasimu wa Oppenheimer, yuko mbele ya Seneti anaomba kuthibitishwa kuwa waziri wa biashara wa Marekani. Ufunguo ni rangi. Yenye rangi tunaona kwa macho ya Oppenheimer. Nyeusi na nyeupe, tuko upande wa Strauss. Ukishika hilo tu, ile saa ya mwisho inageuka: si kuhojiana tena, ni mtu mmoja anayelipiza kisasi kwa kutumia makaratasi, huku mwenyewe akiamini kwamba ndiye aliyeonewa.

(Niruhusuni jambo moja la kifundi. Kwa ajili ya zile sehemu nyeusi na nyeupe, Kodak ilibidi watengeneze mkanda wa aina ambayo kamera za IMAX, zile za skrini kubwa kupindukia, hazikuwahi kuutumia. Na nakala ya IMAX ya filamu nzima ina urefu wa kilomita 17 na ushee, uzito wake kama kilo 270. Mimi niliyekuwa nabeba mikanda begani, nikisoma habari kama hizo mgongo unaniuma wenyewe.)

Ukijaribu tena, usitazame bomu. Sikiliza miguu. Mapema kabisa katika filamu utasikia kishindo cha miguu mingi ikipiga sakafu, na hutajua kinatoka wapi. Kinarudi tena na tena. Halafu, baada ya Hiroshima, Oppenheimer anasimama ukumbini kuwahutubia wafanyakazi wake wanaoshangilia, na ndipo unaiona ile miguu. Wanakanyaga mbao kwa furaha. Ghafla sauti ya shangwe inakatika, mbele yake anaona ngozi ya uso wa msichana ikibanduka, anapiga hatua na mguu wake unazama ndani ya mwili uliokuwa mkaa. Kwangu mimi filamu iko pale, wala si kwenye ule moto mkubwa wa jangwani.

Sasa, kuhusu aibu yako. Tuzo saba za Oscar ilizopata mwaka 2024 hazikulazimishi kukaa macho. Kesho kazini usiseme "inaboa", maana watakumeza. Sema: "Nililala pale Strauss alipoanza kuhojiwa, kwa sababu nilikuwa sijui anahusikaje na bomu." Uone kama kuna atakayekucheka. Nusu yao hawakujua pia.

Mjomba, kwetu rimoti haikai mezani, iko mkononi muda wote. Waigizaji wakinong'ona tunapandisha sauti, dakika mbili baadaye gari linalipuka na mtoto anaamka analia. Halafu tumenunua runinga mpya, kubwa, lakini kila filamu inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa harakaharaka. Tumeuziwa mbovu? — Mama wa Mtoto Macho

Runinga yenu ni nzima, mama. Imepangwa vibaya tu, tena imepangwa hivyo tangu kiwandani.

Tuanze na sauti. Filamu huchanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi. Nyuma ya skrini ya ukumbi kuna spika za kushoto, kulia na katikati, na maongezi karibu yote hupita ile ya katikati, iliyoelekezwa usoni kwa watazamaji. Runinga za siku hizi ni nyembamba kama sinia. Spika zake zimefichwa chini au mgongoni, zinaongea na meza au na ukuta. Sauti ya njia sita inabanwa kupita njia mbili, na maneno ndiyo yanayokanyagwa na muziki. Kisha waigizaji nao wamebadilika: zamani ilibidi mtu atamke ili maikrofoni iliyoning'inia juu imsikie, sasa kuna maikrofoni imefichwa kwenye nguo, basi mtu anajisemea kifuani. Na wapo waongozaji, Nolan huyo huyo mmojawapo, wasiopenda kumrudisha mwigizaji studio aseme upya maneno yasiyosikika. Wanataka pumzi ile ile ya siku ya kupiga picha. Mimi nawaheshimu, ila wangekuja kulala na huyo mtoto wako.

Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta kipengele cha kukuza maongezi. Kampuni nyingi wanacho, kila moja na jina lake. Kisha tafuta hali ya usiku, ile inayopunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko. Na kama huduma unayotumia inakupa uchaguzi wa sauti, chagua stereo (njia mbili) badala ya 5.1 (njia sita), maana huna spika sita. Bado haisikiki? Weka maandishi. Kuna wanaoona kuweka maandishi kwenye lugha unayoijua ni udhaifu. Siwaelewi.

Hilo la pili ndilo linalonichoma zaidi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na ule mwendo wake ndio unaotufanya tuone tuko ndotoni kidogo. Runinga mpya inaona picha 24 ni chache, inabuni nyingine za kwake inazichomeka katikati. Kila kitu kinateleza, kinang'aa, na mfalme ndani ya kasri lake anaonekana mtu aliyevaa nguo za kuazima. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video kuwasihi watu wazime kitu hicho. Fikiria, mtu anayejirusha kutoka kwenye ndege kwa ajili yetu, amesimamisha shughuli zake atuombe tuguse rimoti! Ukiingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kipengele chochote kinachosema habari za kulainisha mwendo, kizime. Au chagua hali ya "filmmaker" kama runinga yenu inayo. Inazima yote kwa mpigo.

Mjomba, amua kesi. Mimi na mwenzangu tumetazama Anatomy of a Fall. Mimi nasema mwanamke hakuua. Yeye anasema ameua, tena anasema ninamtetea kwa kuwa ni mwanamke mwenzangu. Hatujasalimiana tangu jana. — Wa Chumba cha Pili

Salimianeni kwanza. Filamu hiyo iliandikwa na watu wawili wanaoishi pamoja, mwongozaji wake Justine Triet na Arthur Harari, na wao walitoka salama wakapewa Oscar ya muswada bora. Nanyi mtatoka.

Kwa ambao hawajaiona: mwanamume anaanguka kutoka dirisha la juu la nyumba yao milimani huko Ufaransa, anakufa kwenye theluji. Ama amejirusha, ama mkewe Sandra amemsukuma. Shahidi aliye karibu ni mtoto wao, naye haoni vizuri. Ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023.

Nataka mrudi pamoja kwenye eneo moja. Mahakamani inachezwa rekodi ya ugomvi wao wa siku moja kabla ya kifo. Filamu inatuingiza jikoni, tunawaona wakirushiana maneno: nani anakosa muda wa kuandika, nani anabeba nyumba, nani alimwibia mwenzake wazo la kitabu. Ni ugomvi mzuri sana, kwa maana kwamba kila mmoja ana haki kwa zamu. Halafu joto linapanda, glasi inavunjika, na pale pale ambapo mikono inaanza kufanya kazi, picha inatutoa jikoni na kuturudisha mahakamani. Hatuoni. Tunasikia vishindo tu, kama wanavyosikia mahakama. Baadaye Sandra anaeleza kila kishindo kilikuwa nini: hiki nilimzaba kofi, hiki yeye alikuwa anapiga ukuta. Tunalo neno lake basi.

Mwenzako atasema: unaona, ameficha. Wewe utasema: unaona, amekiri kofi ambalo angeweza kulikana. Nyote mko sawa, na Triet amewakalisha hapo makusudi. Mwigizaji Sandra Hüller alipomuuliza kama mwanamke huyu ni muuaji au la, hakupewa jibu. Aliambiwa amwigize kama mtu asiye na hatia. Sasa kama mwenye uso ule hakujua, mwenzako amejulia wapi?

Lakini umeniomba niamue, na sipendi mahakimu wanaokwepa. Mimi naona hakumuua. Sababu yangu si ile anayoitoa wakili wake. Ni vile anavyojitetea vibaya. Muuaji aliyejiandaa angejifanya mjane mwema. Huyu anasema mahakamani mambo yanayomharibia, ya ndoa yao na ya hasira zake, kwa sababu anataka maisha yake yaelezwe sawasawa hata kama yatamfunga. Ushahidi huo ni dhaifu, najua. Mtoto naye hakupata ulio bora. Aliambiwa na yule dada aliyepewa na mahakama kumlinda kwamba ukikosa uhakika, na huwezi kuishi na majibu mawili, itabidi uchague moja. Akachagua, mama yake akaachiwa.

Mwambie mwenzako akatazame tena sura ya mtoto siku ya ushahidi wake wa mwisho, halafu asikulaumu kwa mambo ya jinsia. Na mbwa asimsahau. Yule mbwa, Messi, alipewa tuzo yake mwenyewe kule Cannes, ya mbwa bora wa tamasha. Naunga mkono.

Kaka mhariri, nimechoka kudanganywa. Filamu inaandikwa ina asilimia 97, naingia, naona kitu cha kawaida kabisa. Nyingine ina 55, naipenda mpaka naota. Nani anatunga hizo namba? — Asilimia Mia ya Hasira

Hakuna anayekudanganya, unasoma kipimo kimoja ukidhani ni kingine.

Hizo ni za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Wapo tangu 1998, na hawatoi maksi. Wanahesabu wahakiki. Kila mhakiki anawekwa upande mmoja: aliipenda au hakuipenda. Asilimia 97 maana yake katika kila wahakiki mia, 97 walisema ndiyo. Haisemi ndiyo hiyo ina nguvu gani. Filamu ambayo kila mtu ameiona "si mbaya" inaweza kupata 100. Filamu ambayo nusu ya watu wametoka wakilia kwa furaha na nusu wametoka wakitukana inapata 50, na kwa kuwa mstari wao uko kwenye 60, inabandikwa alama ya kuoza. Mimi nikiona filamu iko kati ya 50 na 65, na wanaoipenda wanaipenda kwa kelele, hiyo ndiyo naitafuta. Ile ya 97 naiwekea siku nina wageni.

Ukitaka kujua watazamaji wa kawaida walionaje, kampuni ya CinemaScore huwauliza watu wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, wanatoa herufi kuanzia A+ mpaka F. Nayo ina kasoro yake: anayekimbilia usiku wa kwanza tayari alikuwa shabiki. Ndiyo maana filamu za kutisha hupata herufi mbovu. Mtu aliyeogopa kweli hatoki akitabasamu.

Mjomba, bibi yangu hapendi filamu za kigeni. Kila baada ya sekunde anauliza "amesema nini?" Wiki iliyopita nilimwekea Flow, ile ya paka na mafuriko. Hakuuliza neno hata moja mpaka mwisho, halafu akaniambia nirudishe pale mwanzo. Nimtafutie nini kingine? — Mjukuu

Barua hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Wewe umetatua tatizo ambalo studio kubwa hazijalitatua, basi nami nakuvulia kofia yangu.

Kwa wengine: maji yanapanda, dunia inafunikwa, paka mmoja anajikuta ndani ya mashua na kapibara (mnyama wa jamii ya panya, mkubwa kama mbwa, wa Amerika Kusini), mbwa, lemuri mwenye tamaa ya vyombo, na karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu anayekanyaga nyoka. Hakuna binadamu, hakuna neno. Paka analia kama paka. Mwongozaji, Gints Zilbalodis wa Latvia, na kikundi chake kidogo waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, wakaenda kuishinda studio kubwa ya katuni, Pixar, kwenye Oscar ya mwaka 2025. Jambo moja la kumwambia bibi: sauti ya yule kapibara si ya kapibara. Kapibara wa kweli analia kwa sauti nyembamba, haikumfaa yule mzito mwenye subira, wakamwekea sauti ya mtoto wa ngamia.

Angalia alichokipenda bibi yako. Hakupenda "filamu isiyo na maneno". Nadhani alipenda kwamba kwa mara ya kwanza hakuna mtu ndani ya chumba aliyekuwa anaelewa kuliko yeye. Wote mlikuwa mnakisia: huyu ndege ana kiburi au anaomboleza? Basi mtafutie nyingine za namna hiyo. Zile za zamani za Charlie Chaplin zinafaa. Maandishi yake ni machache, unamsomea. Na umwulize yeye, "anafikiri nini huyu?" Halafu niandikie majibu yake, nitayachapisha kabla ya yangu.

Wewe Mjomba, toleo lililopita ulisema filamu ndefu zote zirudishiwe mapumziko ya katikati, kama The Brutalist. Umezeeka. Mapumziko yanaua moto. Ukiingia, kaa. — Kijana wa Safu ya Mbele

Nimezeeka, ndiyo, na kibofu changu kimezeeka nami. Ila hoja yako haijasimama.

The Brutalist ina saa tatu na dakika 35, na dakika 15 kati ya hizo ni mapumziko yaliyomo ndani ya filamu yenyewe, saa inahesabu kurudi nyuma pale skrini. Mwongozaji wake, Brady Corbet, aliikata hadithi mahali panapokatika. Hiyo ni tofauti na ukumbi kusimamisha filamu ovyo. Killers of the Flower Moon ilipotoka mwaka 2023, na dakika zake 206, kumbi kadhaa zilijiwekea mapumziko zenyewe zikaambiwa ziache, na zilistahili kuambiwa. Mwongozaji hakujenga pa kupumzikia.

Moto hauuawi na mapumziko, bwana mdogo. Nilikuwa natazama kidirishani. Watu waliporudi walikuwa wanaongea: unadhani atarudi kwa mkewe? Yule mwenye fedha simwamini. Walikaa wakiwa na deni la jibu. Kinachoua moto ni yule anayepita mbele yako ameinama, dakika tano kabla ya siri kufichuka.

Mjomba, kwa nini siku hizi kila filamu ni sehemu ya pili, ya tatu, ya tisa? Mawazo yameisha? — Nimechoka na Namba

Mawazo hayajaisha. Wenye fedha wanatusoma. Filamu tatu zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka 2024 zilikuwa Inside Out 2, Deadpool & Wolverine na Moana 2. Tulipanga foleni wenyewe. Studio inayotaka kumwaga mamilioni mamia inakwenda kwa mtu mnayemfahamu, kwa sababu mtakuja hata kama trela ni mbovu. Na si zote mbaya: yule Wasiwasi wa Inside Out 2, anayeingia na mabegi yake na kuanza kupanga maafa ya kesho, ni mhusika aliyenifanya nijitazame.

Ila ukiwa umechoka na namba, nenda kwenye Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Hakuna kitabu, hakuna sehemu ya kwanza. Ni Mississippi mwaka 1932, mapacha wawili wamerudi nyumbani kufungua ukumbi wa muziki, na usiku ule ule mashetani wanyonya damu wanabisha hodi. Michael B. Jordan anacheza pacha wote wawili. Kama unachanganyikiwa, Smoke ana bluu, Stack ana nyekundu.

Kuna wimbo mmoja katikati. Kijana anaimba blues, kamera inaanza kutembea kati ya wachezaji bila haraka, na polepole unaona watu wasiofaa kuwepo: mpiga gitaa la umeme, wapiga ngoma wa Afrika, mcheza opera wa Kichina, DJ na mashine zake. Waliokwisha kufa na ambao hawajazaliwa wanacheza sakafu moja. Hakuna anayeeleza chochote. Paa linawaka moto na wao wanaendelea kucheza. Kama ningekuwa bado kidirishani, hapo ningeacha mashine nikawatazama watu.

Coogler naye si mjinga. Katika mkataba wake aliweka kwamba baada ya miaka 25 haki za filamu zinamrudia yeye. Kwa hiyo ikija Sinners ya pili, utajua wa kumlaumu.

Mimi hata hivyo sikuupenda mwisho wa mapigano. Wanyonya damu wenyewe waliishiwa mbinu haraka mno. Wanaopinga, anwani mnayo.

Shikamoo Mjomba. Mume wangu hawezi kutazama filamu kimya. "Huyu nani? Kwani si alikufa? Anaenda wapi?" Nifanyeje? — Mjibu Maswali

Marahaba, binti yangu. Likija swali ambalo filamu imekwisha kulijibu, mwambie atulie. Likija ambalo haijalijibu, mwambie, "Ndiyo tunasubiri." Na akiuliza "kwani si alikufa?" hapo simamisha, urudishe nyuma, kwa sababu katika filamu za siku hizi hilo ni swali la haki kabisa.